Nyasi za Nyumba ya Juu

Isoe wa Nyumba ya Juu alikuwa na mdomo, na hilo halikuwa siri katika kijiji kizima cha Tochikura. Alimsema mbwa wa jirani, aliisema theluji, alimsema dereva wa gari la posta kwa kupiga honi kwenye kona, na kuna mwaka alimsema mtawa wa hekalu mbele ya jeneza kwa kuchelewa mazishini. Lakini habari ya paa lake mwenyewe hakuisema. Hapo ndipo walipompatia, jamani, hapo hapo.

Huku kwetu mtu haombi paa lake. Utaomba chumvi, utaomba watu wa kukunasulia trekta topeni, utaomba hata dawa ya tumbo kwa jirani mliyenuniana, lakini paa huombi. Unasubiri zamu yako, na zamu ikifika, mwingine ndiye anayekutaja kikaoni, nawe unainamisha kichwa na kusema aa, mnajisumbua bure. Ukijitaja mwenyewe umejivua nguo hadharani. Ndivyo walivyofanya babu zetu na ndivyo tunavyofanya, ingawa siku hizi nina shaka kama babu zetu walikuwa na akili nyingi hivyo tunavyowasifu.

Mapaa yetu ni ya nyasi, yamesimama kama viganja viwili vya mtu anayeomba, ili theluji isipate pa kukaa. Nyumba ziko ishirini na mbili. Kila vuli kila nyumba inatoa mtu mmoja, tunapanda malishoni juu ya kijiji kukata nyasi, na nyasi za msimu mmoja zinatosha nyumba moja tu, na kuna misimu hazitoshi hata hiyo. Theluji ikiyeyuka, kijiji kizima kinapanda juu ya paa la mwenye zamu, kinalivua na kulivika upya, na hakuna anayelipwa. Leo kwangu, kesho kwako. Bila ujima huo hakuna binadamu, hata awe na nguvu za ng'ombe, awezaye kuezeka peke yake nyumba yenye dari tatu.

Paa la Isoe lilikuwa na miaka ishirini na tisa. Lilipoezekwa mara ya mwisho mumewe Yasuke alikuwa hai, tena ndiye aliyekaa juu akichoma sindano, na Isoe ndani akiipokea. Sasa Yasuke alikuwa na miaka minane kaburini, na binti yao wa pekee alikuwa Nagoya, anapiga simu mwaka mpya. Upande wa nyuma wa paa uliota kuvu, kisha majani, kisha mti mdogo. Maji yalishafika kwenye pau, na Isoe alikuwa akitega mabeseni darini kila mvua ikinyesha. Wezekaji wa zamani wanasema pau ikilowa misimu miwili haina dawa, na hiyo misimu miwili ilikuwa karibu kwisha. Ikiezekwa masika yale, nyumba ya miaka mia mbili ingesimama. Isipoezekwa, theluji ya mwaka ule ingeilaza chini. Isoe alilijua hilo, na kijiji kilijua, na kijiji kilijua pia kwamba zamu ilikuwa yake.

Basi, siku moja kabla ya kikao cha mwezi wa pili, rafiki yake Tomeyo alikuja.

Tomeyo wa Darajani alikuja kila siku, saa nne asubuhi, na bakuli la achari ya tanipu nyekundu. Wote wawili walikuwa mabibi harusi wa kutoka nje. Walivuka mlima mwaka mmoja, Isoe akiwa na miaka ishirini na sita na Tomeyo ishirini na moja. Majira ya baridi ya kwanza Tomeyo alilia mpaka macho yakafumba. Isoe ndiye aliyemfundisha kuwasha moto kwa kuni mbichi, kutembea juu ya theluji bila kuzama, na kumjibu mama mkwe bila kufungua mdomo. Ikawa undugu. Miaka arobaini na moja ya chai, hesabu hiyo mwenyewe.

Siku ile Tomeyo alikaa kando ya meko, akavuta sketi yake magotini, akaanza kuzunguka zunguka.

"Dada, kesho kikaoni."

"Enhe."

"Nimesikia wengine wana maneno. Ati nyumba yako iko mbali na barabara, ati wageni hawafiki."

"Wageni!" Isoe alilitema neno hilo kama mbegu. "Paa linaezekwa kwa sababu linavuja, haliezekwi kwa sababu linapigwa picha. Hao wageni wakija wanapiga picha paa, wanapiga picha mbwa, juzi mmoja kanipiga picha naanika suruali za ndani. Nimemwambia subiri nikupigie na mimi."

Tomeyo alicheka, lakini si kile kicheko chake cha siku zote. "Mimi nakuambia kwa wema tu. Kesho wewe usiseme kitu. Unajijua, ukianza kusema utawatukana, na ukiwatukana watakukomoa. Niachie mimi. Nitakusemea. Jina lako litatoka kinywani mwangu."

"Hata bila kuniambia nisingejisemea. Mimi sina adabu, lakini si kiasi hicho."

"Najua. Nasisitiza tu. Wewe nyamaza, inamisha kichwa, mengine niachie."

Isoe alimtazama. Alimpenda sana wakati ule, kwa kweli alimpenda, akaona ana bahati kuwa na mtu wa kumsemea. Akammiminia chai nyingine na kumfungashia keki mbili za mchele na njugu za mlimani, zile alizokuwa amezificha kwa ajili ya kaburi la Yasuke.

Kesho yake walikaa katika ukumbi wa kijiji, nyumba ishirini na mbili, kila mtu juu ya mto wake. Mwenyekiti alikuwa Gensaku, mzee mwembamba mwenye desturi ya kukohoa kabla ya kusema jambo asilotaka kulisema. Siku ile alikohoa sana.

Alianza na habari za vivutio. Wilaya, alisema, imepata heshima ya kuwa na ramani mpya ya vivutio kumi na viwili vya bonde: kilima cha kutazamia, hekalu, maporomoko, daraja la kamba, bwawa la samaki, na kadhalika na kadhalika. Ramani itasambazwa stesheni zote hadi Takayama. Wageni wataongezeka. Na kwa sababu wageni watapita darajani kwanza, imeonekana vema, akakohoa, imeonekana na wengi kwamba nyumba ya kwanza wanayoiona iwe na paa linalopendeza. Kwa hiyo, kwa masikitiko kwa wanaostahili, nyasi za mwaka huu zipendekezwe kwenda Darajani.

Darajani. Kwa Tomeyo. Paa ambalo lilikuwa na miaka kumi na saba na lingekaa mingine kumi bila kupenyeza tone.

Isoe alidhani hakusikia vizuri. Alimgeukia Tomeyo upande wa pili wa chumba. Sasa hivi atasema, alijiambia. Atakataa, atasema hapana, mwaka huu ni zamu ya Nyumba ya Juu. Ameahidi.

"Kuna mwenye neno?" aliuliza Gensaku.

Tomeyo alikuwa akiangalia mkeka. Alikuwa akiung'oa unyuzi mmoja wa mkeka kwa ukucha, polepole, kama mtu asiye na kazi nyingine duniani.

Ulimi wa Isoe, ule uliowasema mbwa na watawa, ulilala. Angesema nini? "Ni zamu yangu"? Hayo ndiyo maneno asiyoruhusiwa mtu kuyasema. Na alikuwa ameahidi kunyamaza. Na bado, wacha niseme ukweli, bado alikuwa akisubiri.

"Basi, kama hakuna," alisema Gensaku, akapiga makofi mara moja, na wote wakapiga mara moja, na jambo likawa limekubaliwa na nyumba zote ishirini na mbili, pamoja na Nyumba ya Juu. Kwetu asiyesema amekubali. Hakuna kurudi nyuma.

Nje, kwenye theluji, Tomeyo alimkimbilia akamshika mkono wa koti.

"Dada, dada, subiri. Walinibana. Gensaku alinijia usiku, mimi na wewe tulikuwa tumeshaongea. Ningekataaje mbele za watu? Ningemwaibisha mwenyekiti."

"Ungesema jina langu. Neno moja. I-so-e. Ni refu?"

"Mwakani. Naapa kwa kaburi la mama yangu, mwakani ni wewe. Nitakuletea vijana wa turubai, watakufunika paa majira ya baridi yajayo, halitaanguka. Usinikasirikie, nisipokuwa na wewe nina nani?"

Akalia. Machozi ya kweli, yalimganda mashavuni. Isoe alisimama pale na hasira yake, na mwisho wake alimpangusa yule mwanamke uso kwa ncha ya skafu yake mwenyewe. Alimwamini. Ndiyo, alimwamini tena! Mtu uliyemfundisha kuwasha moto huwezi kumwona mwongo kwa siku moja. Alienda nyumbani akajiambia kwamba Tomeyo ni mwoga tu, na woga si dhambi, na mwaka mmoja si mrefu kama pau zitashikilia.

Mwezi wa tano siku ya kuezeka ikafika. Ni lazima kila nyumba itoe mtu. Asiyekwenda amejitenga, na aliyejitenga hasalimiwi. Nyumba ya Juu ilikuwa na mtu mmoja tu, basi huyo mmoja alivaa suruali ya kazi, akajifunga kitambaa kichwani, akashuka darajani saa kumi na mbili asubuhi. Watu walimsalimia kwa sauti za juu kuliko kawaida. Wanaume wawili walimpisha njia waliyokuwa hawajaiziba. Aliona ni aibu yao tu, akaona afadhali wana aibu.

Kazi yake ilikuwa ndani. Sindano ya kuezekea ni ya mianzi, ndefu kama mtu. Aliye juu anaichoma kupitia kwenye nyasi ikiwa na kamba. Aliye ndani, kwenye giza na vumbi la masizi, anaipokea, anaizungusha kamba kwenye pau, anairudisha mahali panapotakiwa. Akikosea kidogo, nyasi hazishiki, na theluji ya kwanza inazishusha kama nywele za mgonjwa. Hakuna aliyejua kupokea kama Isoe. Juu siku ile alikuwa Kumeji, mwezekaji mkuu wetu, mwanaume mkimya mwenye mikono kama majembe, aliyekuwa mwanafunzi wa Yasuke.

"Inakuja!" Kumeji aliita.

"Nimeipata!"

"Kushoto kidogo, mama."

"Kushoto kwako au kwangu? Miaka thelathini hujajua kushoto?"

Wale juu walicheka, na Isoe alijikuta anacheka pia. Mikono ilikuwa inajua kazi yake. Kwa muda wa saa mbili alisahau ni paa la nani.

Walipofika pembe ya mashariki alikuta pau imezibwa. Tomeyo alikuwa amepanga makasha ya karatasi darini, manne, moja juu ya jingine, na nyuma yake ndipo sindano ingetokea. Isoe alinung'unika, akavuta la juu. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Likamponyoka, likaanguka kwa kona, likapasuka, na karatasi zikamwagika kwenye mbao.

Zilikuwa ramani. Nzuri, zenye rangi, zimekunjwa mara nne. VIVUTIO KUMI NA VIWILI VYA BONDE LA TOCHIKURA. Aliifungua moja chini ya mwanga uliopenya kwenye nafasi ya nyasi. Namba moja kilima cha kutazamia, namba mbili hekalu. Namba tatu: "Nyumba ya Darajani, yenye paa jipya la nyasi lililoezekwa kwa mikono ya kijiji kizima. Malazi yapo."

Paa jipya. Paa hilo alikuwa ameshika sindano yake mkononi dakika ile ile.

Aliangalia kasha. Karatasi ya msafirishaji ilikuwa bado imebandikwa ubavuni: limepokelewa Darajani tarehe kumi na tisa, mwezi wa kwanza. Mwezi wa kwanza! Wiki tano kabla ya kikao. Wiki tano kabla ya Tomeyo kuvuta sketi magotini na kusema nakuambia kwa wema tu. Zile achari. Zile "walinibana." Machozi yale kwenye theluji, na yeye kuyapangusa kwa skafu yake, mjinga mkubwa!

Kisha kidole chake kikafuata barabara kwenye ramani, kikapanda kutoka darajani, kikapita hekalu, kikapita shina la mti mkubwa, hadi mwisho wa njia ambako Nyumba ya Juu imesimama tangu kabla reli haijajulikana nchi hii. Nyumba haikuwepo. Palikuwa na picha ndogo ya basi, na chini yake maneno madogo: "Maegesho. Yatafunguliwa karibuni."

Isoe alikaa chini juu ya makasha.

Kwa hiyo hapakuwa na mwakani. Walikuwa wanangoja theluji. Hakuna mtu ambaye angemfukuza, la, sisi si watu wa kufukuzana. Wangeacha paa lioze kwa adabu, na likianguka wangekuja wote na majembe na masikitiko, na kumshauri aende kwa binti yake Nagoya, na Tomeyo angelia tena. Alihisi kama mtu aliyelishwa chakula kibaya na mkono unaomlisha kila siku, na akashukuru.

"Inakuja!" sauti ya Kumeji ilishuka kupitia kwenye nyasi. Ncha ya sindano ikachomoza mbele ya uso wake na kungoja.

Angeweza kufunga kamba vibaya. Hakuna ambaye angejua mpaka mwezi wa kumi na mbili. Aliiwaza hiyo, wala sitasingizia kwamba hakuiwaza. Lakini Yasuke alikuwa amemfundisha fundo lile, na nyasi alizikata yeye mwenyewe, na pau hazikuwa na kosa.

"Mama? Umeipata?"

"Nimeipata," alisema, akafunga, akakaza kwa goti, akairudisha. Ramani moja aliikunja akaitia kifuani ndani ya nguo. Alifanya kazi hadi saa tisa alasiri na hakutania tena hata mara moja.

Baada ya kazi ni karamu. Mwenye nyumba hupiga magoti mbele ya kila mfanyakazi, mmoja baada ya mwingine, na kummiminia pombe ya mchele, na kusema umejichosha kwa ajili yangu. Milango yote ya Darajani ilifunguliwa, meza zilipangwa, miso, ile rojo nzito ya soya, ilichomwa juu ya majani makavu mpaka chumba kizima kikanukia, na Tomeyo, katika kimono chake cha kijivu cha sherehe, alipita mstari mzima akiinama na kumimina. Alifika kwa Isoe.

"Dada yangu," alisema kwa sauti ya kusikika, "umejichosha kwa ajili yangu. Sina cha kukulipa."

Alikunja mkono kuinua chupa. Isoe alichukua kikombe chake akakifudikiza juu ya meza.

Watu wakaweka vikombe vyao chini. Nitaeleza kwa nini. Kikombe kufudikizwa mbele ya mwenye paa, Tochikura, maana yake ni moja: nyumba yangu imetoka kwenye ujima, sitawaezekea na hamtaniezekea, mimi na ninyi basi. Mimi nimesikia habari za watu wawili tu waliowahi kufanya hivyo, na wote walihama kabla ya mwaka.

Isoe aliinua macho. Alitaka kuona uso wa Tomeyo ukivunjika. Alikuwa amekaa darini saa nne nzima akiungojea uso huo.

Hakuuona. Alichokiona, kwa muda wa kupepesa jicho, ni nafuu. Mabega ya Tomeyo yalishuka, kama mtu aliyetua kuni. Na kule mwisho wa meza Gensaku, ambaye alipaswa kupaza sauti na kumsihi, alikuwa akikohoa kidogo na kupangusa midomo. Mtu aliyetoka kwenye ujima hana haki ya kungoja paa. Wasingehitaji hata kungoja theluji. Alikuwa anawapa kwa mkono wake mwenyewe, kwa hasira yake na kwa heshima yake, kile walichokuwa wanaona aibu kumwomba.

Isoe aliingiza mkono kifuani, akatoa ramani, akaitandaza juu ya meza katikati ya sahani.

"Hii ililetwa lini, Tome?"

Tomeyo aliiangalia. Akaiweka chupa chini.

"Mimi si mtu wa shule, nisomee. Hiki kigari hapa ni nini? Kimeegeshwa juu ya kitanda changu."

"Isoe, hapa si mahali," alianza Gensaku.

"Wewe kohoa, mzee, sijakufikia." Aliwapitia wote kwa macho. Kila mmoja alikuwa ameona jambo la maana sana ndani ya sahani yake. "Kume. Uliniita mama mchana kutwa. Ulijua?"

Kumeji alikunja mikono yake mikubwa mapajani. "Niliambiwa mwezi wa tatu tu, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Wengine walijua tangu vuli."

Tangu vuli. Walikuwa wamekata nyasi pamoja naye vuli ile, bega kwa bega, wakamtania kwamba safari hii anakatia paa lake, akatanue mkono.

Hapo Tomeyo alifumuka. "Ndiyo! Ndiyo, nilijua, na ramani niliagiza mimi! Unataka nisemeje? Wewe dada una nani? Binti yako harudi. Ukifa, nyumba ile inakufa na wewe, paa jipya au la zamani, nyasi za kijiji kizima zitakuwa zimeoza bure. Mimi nina mwanangu karudi na mkewe, nina wajukuu wawili wanaokimbia humu ndani. Wageni wasipokuja, watarudi mjini. Nilichagua wajukuu zangu. Nani hapa asingechagua?"

Maneno hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Ungeniambia hivyo," alisema Isoe. "Saa nne asubuhi, kando ya meko yangu. Ungesema dada, nina wajukuu, nipe zamu yako. Ningekupa, Tome. Ningekupigia kelele wiki nzima, kisha ningekupa, na ningehamia kwako kulea hao watoto. Wewe ukaona ni rahisi zaidi kunivika kilemba cha ukoka na kunifunga mdomo."

Tomeyo alifunika uso kwa mkono wa kimono. Safari hii Isoe hakusogea kumpangusa.

Alikishika kikombe chake kwa vidole viwili, akakiinua, akakigeuza, akakiweka kikitazama juu.

"Mimina."

"Dada?"

"Nilikosea kukilaza. Mimina. Nyumba ya Juu imo kwenye ujima, imeezeka leo, na inadai kuezekwa. Mwakani ni mimi. Nasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, na aibu yake ninaibeba. Nitasema kila kikao mpaka mtamani nife."

Tomeyo alimimina, na pombe iliyomwagika nje ya kikombe ilikuwa nyingi kuliko iliyoingia. Isoe aliinywa yote. Ilikuwa pombe nzuri, na hilo pia lilimkera. Kisha alimwendea Gensaku mwisho wa meza, akachukua kalamu kutoka mfukoni mwa koti lake bila kuuliza, akarudi akakaa, akaiweka juu ya ramani, juu ya picha ya basi.

"Futa hiki, Tome. Chora nyumba."

"Zimeshachapwa, dada," Tomeyo alinong'ona. "Ziko elfu tano."

"Basi una kazi. Anza na hii. Na mlango usiuchore mdogo."

Tomeyo alichukua kalamu. Hakuna aliyeinuka, hakuna aliyegusa chakula. Isoe alibaki amekaa pale pale hadi paa lilipotokea kwenye karatasi, na mlango, na dirisha la darini, kwa sababu katika chumba kile chote hakuwa tena na mtu hata mmoja wa kumwachia kazi ya kuilinda nyumba yake.